Veneranda na Safu ya Saba

Rusimbi nzima, hapa Kigoma mjini, hatukuwa na mchapaji mwenye kasi kama Veneranda Leonardi. Alikuwa na kiti chake kwenye duka la steshenari, kati ya mashine ya fotokopi na dirisha, na watu walimletea barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, ratiba za kwaya na wasifu wa marehemu. Alikuwa akisoma karatasi ya mtu huku vidole vikienda vyenyewe, na mara nyingi alimaliza kabla mwenye karatasi hajamaliza kueleza alichokuwa anataka. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, hakuwa ameolewa, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Kwao ni Kidahwe, kwenye barabara ya kwenda Kasulu. Mjini aliletwa na mawese. Baba yake, Mzee Leonardi, alikuwa na michikichi kidogo, na mteja wake mkubwa alikuwa mwanamke wa Bangwe, mjini kando ya ziwa, aitwaye Spesiosa, aliyepanda Kidahwe kila wiki mbili na madumu yake matupu. Veneranda alipofaulu kwenda sekondari ya mjini, na baba yake akawa hajui atalala wapi, Spesiosa alisema bila hata kushusha dumu, "Nipe mimi. Chumba ninacho, na mtoto sina."

Akakaa kwake miaka minne, wakilala chumba kimoja, wakila muhogo na dagaa kwenye sahani moja. Alimwita Mama Spesi, na wageni waliofika pale walidhani ni mtu na binti yake.

Spesiosa alizaliwa ng'ambo, Burundi. Mwaka 1972, mwaka wa mauaji huko kwao, akiwa na miaka sita, mama yake alimvusha ziwa kwa mtumbwi, wakashukia kijiji kimoja cha kusini mwa Kigoma na hawakurudi tena. Alikulia huku, akaolewa na kuli wa bandarini, akawa mjane. Uraia alikuwa ameupata zamani, wakati mumewe yu hai, na hati yake aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya mkoba, mkoba chini ya godoro. Hakuna aliyemwomba kuionyesha miaka mingi. Bangwe walimjua kama mama wa mawese, basi.

Mwezi wa tano mwaka 2015 watu walianza tena kuja kutoka Burundi. Walijazana kwanza Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na maji, halafu meli ikawa inawaleta mjini kwa mafungu, na uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika ukawa mahali pa kulala. Shirika moja la misaada lilitafuta wachapaji wanaosikia Kirundi. Waha ndio wenyeji wa Kigoma, na lugha yao ni ndugu na Kirundi. Muha yeyote anasikia Kirundi, na mchapaji Muha aliyejulikana alikuwa Veneranda.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Unakaa chini ya turubai na kompyuta ndogo. Mtu anakuja, unamwuliza jina, umri, alikotoka, na amekuja na nani. Unachapa, mwenzako anamfunga kitambaa mkononi, anapita. Anakuja mwingine. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia, na kila jioni nesi alileta karatasi ya waliofariki, nao ilibidi waondolewe kwenye orodha kabla ya kufunga.

Siku ya tisa, saa kumi jioni, mwanamke mmoja alisimama mbele ya meza bila kupanga foleni. Alijiita Armelle. Alizungumza Kiswahili cha Bujumbura, kizuri kabisa.

"Dada, nimeambiwa unafuta majina," alisema. "Mwanangu ni Gélase. Ana miezi kumi na minne. Usimfute."

Veneranda alitazama karatasi ya nesi. Gélase alikuwa wa nne kutoka juu.

"Pole sana, mama. Lakini nikimwacha, orodha haitakuwa sawa."

"Najua. Ila hajaandikwa mahali pengine popote. Cheti hatukuwahi kuchukua, tulikimbia. Duniani kote jina lake lipo hapo kwako tu." Aliinama akaonyesha kioo cha kompyuta kwa kidole. "Mwache hata kwa leo."

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika langoni. Msimamizi aliita kwamba basi linasubiri. Veneranda alibonyeza. Mstari ukatoweka, na jina lililokuwa chini yake likapanda likakaa mahali pake, kama vile hapakuwahi kuwa na kitu. Armelle aliliona likipanda. Alisema asante, akaondoka.

Veneranda aliniambia kwamba jioni ile alipika, akala, akafua sare yake. Alisubiri machozi kama mtu anayesubiri maji ya bomba, hayakuja. Siku zilizofuata aliendelea kusubiri, kisha akaacha. Alifananisha na mkono uliolaliwa: unauona ni wako, unaunyanyua kwa mkono mwingine, lakini haukuambii kitu. Ganzi ile haikumzuia kazi, tena ilimwongezea kasi.

Mwezi wa saba wakimbizi wa uwanjani walikuwa wamehamishiwa kambini Nyarugusu, na Veneranda akarudi kwenye kiti chake cha steshenari. Huko ndiko Hamdani alikomfuata.

Hamdani ndiye aliyekuwa msimamizi wa meza pale uwanjani. Kijana wa Ujiji, mtoto wa mwalimu wa madrasa, amesoma Dar es Salaam mambo ya takwimu, shati lake limepigwa pasi hata siku za jua kali. Hakuwa mtu mbaya. Pale uwanjani alikuwa akiwagawia wachapaji maandazi kabla yeye mwenyewe hajala.

"Dada Vene, nimepata kazi kwa mgombea," alimwambia. "Namtaka mtu wa vidole kama vyako."

Mgombea wa chama gani, jimbo gani, sitasema. Wahusika wanajijua, na mwenyewe alishindwa.

Ofisi ilikuwa chumba cha ghorofani kwenye barabara ya kushuka stesheni, haina bango. Ndani palikuwa na kompyuta tatu, feni moja, na ramani ya kata imebandikwa ukutani. Kazi ya mwanzo ilikuwa kuunganisha orodha. Kulikuwa na orodha ya vikundi vya wavuvi, ya kwaya, ya wazazi wa shule, ya madereva wa bodaboda, na namba ambazo wauza vocha walizikusanya kwenye madaftari yao. Hakuna iliyoibwa, zote zililetwa mchana na watu waliokuwa nazo kihalali. Veneranda alizichapa zikawa orodha moja yenye majina zaidi ya elfu tisa na safu saba. Jina, simu, kata, umri, kazi, kituo cha kupigia kura. Safu ya saba ilikuwa tupu.

Hamdani aliipitisha orodha ile kwenye programu yake, akailinganisha na matokeo ya uchaguzi uliopita, kituo kwa kituo. Kisha ujumbe ulianza kutoka. Wavuvi waliandikiwa kuhusu ushuru wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kina mama wenye watoto wadogo waliandikiwa kuhusu wodi ya wazazi. Bodaboda waliandikiwa kuhusu kukamatwakamatwa.

"Zamani mgombea alipanda jukwaani akawaambia watu elfu moja neno moja," Hamdani alisema akitafuna andazi. "Sisi tunasema maneno elfu, kila mtu na lake. Na kila mtu anadhani amefikiriwa yeye."

Ilikuwa kweli. Sokoni Veneranda alimsikia mchuuzi wa samaki aina ya migebuka akimwonyesha mwenzake simu: "Huyu bwana anajua shida yangu utadhani tunaishi naye." Alisimama hapo na kikapu chake. Hakuona fahari, wala hakuona haya. Alinunua nyanya akaenda zake.

Katikati ya mwezi wa tisa Hamdani aliingia akiwa na karatasi moja tu mkononi. Kwenye karatasi kulikuwa na vituo kumi na vinne, vingi vya kando ya ziwa.

"Hawa hatuwapati," alisema. "Tumewatumia kila aina ya ujumbe, tumewapigia simu, hawasogei. Mwenzetu wa upande wa pili aliwasaidia zamani mambo ya viwanja, wamemganda. Nimeangalia wana nini cha pamoja. Dini tofauti, kazi tofauti, umri tofauti." Akavuta kiti. "Ni asili, dada. Wengi ni wa kutoka ng'ambo. Wale wa zamani, wa sabini na mbili, na watoto wao."

"Ni raia," Veneranda alisema. "Wasingeandikishwa."

"Raia kabisa. Sibishi. Lakini programu yangu haiwezi kuwatenganisha na Waha. Majina yanafanana, mimi mwenyewe mtu wa Ujiji siyajui. Wewe unayajua."

Aliyajua. Muha aliyekulia Bangwe hasomi jina tu. Anasoma jina la ubatizo lililoandikwa kwa Kifaransa, anasoma kijiji, anajua ni ukoo gani ulishukia wapi na mwaka gani, nani aliolewa na nani. Kitu hicho hakifundishwi chuoni.

"Weka herufi tu kwenye safu ya saba," Hamdani alisema. "W. Ya wageni."

"Mtawafanyia nini?"

"Tutawapa taarifa. Hatumzuii mtu kupiga kura, dada Vene. Asiyetupenda akiamua mwenyewe kukaa nyumbani, kwetu ni sawa na kupata kura."

Ilimchukua siku tatu. Mélanie huyu, W. Kubwimana yule, W. Ndizeye wa Bangwe, W. Ndizeye wa Kidahwe, hapana, huyo ni Muha, baba yake anafahamika. Aliwafanya kwa haraka na kwa usahihi. Siku ya pili, kabla ya saa sita, akafika kwenye mstari wa mama mmoja mwuza mawese, miaka arobaini na tisa, Bangwe. Namba ya simu aliijua kwa kichwa, maana laini ile alimsajilia yeye.

Nilimwuliza mara moja tu alifikiri nini wakati ule. "Nilifikiri kwamba nikimruka, orodha haitakuwa sawa," alisema. Akachapa W, akashuka mstari wa chini.

Wiki moja kabla ya kura ujumbe ulitoka. Haukuwa na jina la chama. Mtumaji alionekana kama TAARIFA. Uliandikwa hivi: "Ndugu mwananchi. Siku ya uchaguzi maafisa watahakiki uraia vituoni. Asiye na vithibitisho vya wazazi wake wote wawili atachukuliwa hatua na kurejeshwa alikotoka. Jiepushe na usumbufu." Ulikwenda kwa watu mia sita na kitu. Hakukuwa na uhakiki wowote wa namna hiyo. Hamdani aliuandika mwenyewe, akaupima mara tatu, akaondoa neno moja na kuweka jingine, kama mtu anayeonja chumvi.

Spesiosa aliweza kusoma herufi kubwa za bango, ila maandishi ya simu yalimshinda. Kesho yake asubuhi alipanda hadi Rusimbi, akaingia steshenari, ambako Veneranda alikuwa akifanya zamu ya nusu siku. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Alingoja wateja wawili wahudumiwe, kisha akatoa simu kutoka kifuani, akamwamkia kwa Kirundi kama mtu na mwanawe.

"Mwakeye, mwana wanje. Nisomee hii. Agnesi jirani amenisomea, lakini yule huwa anakosea."

Veneranda aliipokea. Angeweza kusema ni tangazo la biashara. Angeweza kuufuta palepale, na Spesiosa asingejua. Alinieleza kwamba mambo hayo yote mawili yalimpitia kichwani, yakapita kama magari yanavyopita barabarani wakati umekaa kibarazani. Akausoma ujumbe wote, kwa sauti ya kawaida, tangu ndugu mwananchi mpaka usumbufu.

Spesiosa alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Vithibitisho vya wazazi," alisema. "Mama yangu alizikwa huku, hana karatasi. Baba yangu hata sura simjui." Akafikiri. "Ile hati yangu haitoshi?"

"Sijui, Mama."

"Wewe umefanya kazi na wazungu wa kambi. Hujui?"

"Sijui."

"Wanaweza kunirudisha? Burundi sina mtu. Sina hata anayejua kwamba nilizaliwa."

Veneranda alimrudishia simu. Mteja mwingine alikuwa ameingia, anataka fotokopi ya cheti. "Kaa nyumbani siku hiyo, Mama Spesi," alisema. "Usiende tu."

Spesiosa aliitikia kwa kichwa, akaizungushia simu kitambaa, akatoka. Mlangoni aligeuka akauliza kama amekula. Veneranda alisema amekula.

Siku ya kura ilikuwa Jumapili. Mawakala walipiga simu ofisini kila saa kueleza watu waliojitokeza, na Veneranda alichapa. Vile vituo kumi na vinne vilikuwa na foleni fupi. Hamdani alimwonyesha kwenye kioo, mstari ulioshuka, akafurahi kama mwanafunzi aliyepata jibu la hesabu. Jumatatu mgombea wao alishindwa, si kwa sababu ya kando ya ziwa, bali kwa kata za juu ambako walidhani wameshamaliza. Hamdani alikunja ramani. "Kitaalamu kazi yetu ilifanya kazi," alisema. "Kilichotuangusha ni sehemu nyingine." Akafuta mafaili, akampa Veneranda mkono, wiki hiyohiyo akarudi Dar es Salaam.

Jumanne Veneranda alishuka Bangwe. Mlango wa Spesiosa ulikuwa na kufuli. Agnesi, jirani, alikuwa anaanua dagaa.

"Ameondoka tangu Ijumaa," Agnesi alisema. "Kuku amenipa mimi. Nikamwambia, mama, unaogopa nini na sisi tupo, akasema hajui kama na sisi hatutaulizwa. Alishika mkoba mmoja tu."

"Ameenda wapi?"

"Njia ya Manyovu."

Manyovu ni mpakani. Veneranda alisimama kwenye kivuli cha paa, akitazama kufuli. Kisha alirudi Rusimbi. Hapo ndipo watu wengi, nikiwasimulia, wanaponiuliza: akafanya nini? Hakufanya kitu. Novemba nzima alichapa. Desemba alichapa kadi za mwaliko wa harusi. Alikuwa akiamka, anakwenda, anarudi. Alipungua uzito bila kuumwa, na Mzee Leonardi alipokuja mjini kumwona alidhani ana maradhi anayomficha.

Mwezi wa kwanza Agnesi alikuja steshenari mwenyewe. Spesiosa alikuwa amempigia kwa simu ya kuazima, akimwomba auze pipa lake la mawese. Yuko Nyarugusu.

Ilikuwa hivi. Ijumaa ile Spesiosa alifika Manyovu akakuta watu wengi waliovuka usiku wa kuamkia siku ile, wamekaa chini na mabegi yao. Alikaa nao. Aliwaza kwamba wakija kumkamata kama Mrundi aliyejificha atarudishwa, lakini Mrundi aliyekuja kuomba hifadhi hawamrudishi, wanampa turubai. Gari lilipokuja akapanda. Walipomwuliza jina alitaja la mama yake. Walipomwuliza ametoka wapi alitaja kijiji ambacho alikisikia utotoni. Wakamchukua alama za vidole. Hati yake ya uraia, ile ya kwenye mfuko wa nailoni, aliitupa chooni siku ya pili, akiogopa wakimkuta nayo watamwona mwongo.

Veneranda aliomba ruhusa ya siku tatu, akaenda. Kupata kibali cha kuingia kambini haikuwa shida, wengi pale bado walimkumbuka kutoka uwanjani. Alimkuta Spesiosa amekaa mbele ya turubai lake akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda, kitenge kilekile cha kanisani kimepauka. Alipomwona alisogea kumpa nafasi kwenye mkeka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani amekuambia? Agnesi?"

"Agnesi."

Veneranda alikaa. Aliongea akiwa ameangalia maharage. Alisema hakukuwa na uhakiki. Alisema ujumbe uliandikwa ghorofani kwenye barabara ya stesheni na mtu aliyemjua. Alieleza safu ya saba ni nini, na W ni nini, na kwamba mbele ya jina lake herufi ile aliiweka yeye kwa mkono wake, mchana, akiwa na akili zake.

Spesiosa aliendelea kuchambua. Alitoa changarawe moja, akaitupa. Akatoa nyingine.

"Ulikuwa na njaa?" aliuliza.

"Hapana."

"Walikutisha?"

"Hapana, Mama."

"Na nilipokuja kwako ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Uliusoma vizuri," Spesiosa alisema. "Hukukosea neno."

Baadaye alibandika maharage, wakangoja yaive, wakala. Veneranda aliniambia kwamba alitamani atukanwe, kwa sababu labda matusi yangemfikia. Alikula maharage hayo na hakujua kama yana chumvi.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya miezi kumi na sita, na hiyo Veneranda aliifanya. Kumtoa mtu kambini ambaye si mkimbizi, lakini amejiandikisha mwenyewe kwamba ni mkimbizi, kwa jina lisilo lake, na hati ameitupa, si jambo la barua moja. Alianza kwa Mtendaji wa Kata, akaenda kwa paroko aliyefungisha ndoa ya Spesiosa, akaenda bandarini kutafuta jalada la marehemu mumewe. Aliandika maelezo yake mwenyewe, kurasa mbili, akaeleza kila kitu pamoja na herufi ile, akatia sahihi. Afisa aliyeyapokea alikuwa mtu mzima, mstaarabu. Aliyasoma mpaka mwisho.

"Umejiweka pabaya, binti," alimwambia. "Na haya hayanisaidii. Mimi naangalia vidole. Vidole vinasema huyu ni mkimbizi aliyeingia mwezi wa kumi."

"Vidole alivitoa kwa sababu yangu."

"Nimekuelewa. Lete mashahidi waliomjua kabla ya mwaka tisini."

Akaleta. Alimpeleka Mzee Leonardi, ambaye alikuja na fimbo yake na kofia ya kanisani, akatoa ushahidi kwa Kiha kwanza, akaambiwa arudie kwa Kiswahili. Aliwaleta wanawake wawili wa Bangwe. Alimpigia Hamdani Dar es Salaam amwombe aandike japo mistari mitatu. Hamdani alipokea, akamsikiliza, akasema ana huruma naye sana, lakini mafaili yalishafutwa na yeye sasa yuko na mradi mwingine. Simu ya pili hakupokea.

Yule mwanamke Armelle, Veneranda alimwona mara moja katika safari hizo, kwenye foleni ya maji pale kambini, akiwa na mimba kubwa. Macho yao yalikutana. Armelle hakumtambua, au alimtambua akaamua vinginevyo. Veneranda alipita.

Duka la steshenari lilimwachisha kazi kwa kukosa kazini mara kwa mara. Alirudi Kidahwe, akalima na baba yake, na kila nauli ilipopatikana alikwenda kufuatilia. Sikuwahi kumsikia akisema anafanya hivyo ili asamehewe. Nilipomwuliza alisema tu kwamba hakuna mwingine anayejua karatasi zimefikia wapi.

Mei mwaka 2017 jibu lilitoka. Spesiosa aliondolewa kwenye orodha ya kambi, akapewa barua ya kurudi Bangwe huku hati mpya ikisubiriwa. Nyumba yake ya zamani, mwenye nyumba alikuwa ameshampangisha mtu mwingine, akapata chumba nyuma ya nyumba ya Agnesi, akaanza tena na madumu mawili.

Katika wale mia sita na kitu, sijui wengine iliwakutaje. Wapo waliokaa ndani siku ile tu, kesho yake wakaendelea na maisha. Wapo waliobadilisha namba za simu. Wapo ambao mpaka leo wakiona mtu na karatasi mwaloni wanaingia ndani. Veneranda aliwakumbuka wengi kwa majina, maana alikuwa na kichwa hicho, lakini hakujua aanzie wapi, na hakuanza.

Siku hizi anashuka Bangwe Jumapili moja moja. Niliwahi kufuatana naye, nikiwa na shida ya mawese. Spesiosa alitukaribisha vizuri kabisa. Aliingia ndani akatoa kiti chake cha pekee, akakifuta kwa ncha ya kanga, akamwekea Veneranda akae. Akaleta chai kwenye kikombe chenye kisahani, na mkate umekatwa vipande. Alimwuliza habari za Kidahwe, za baba, za mvua. Veneranda alijibu moja moja, mgongo umenyooka, kikombe amekishika kwa mikono miwili.

Alipomaliza chai alinyanyuka kutaka kuosha kikombe chake kwenye beseni la nje, kama alivyokuwa akiosha vyombo vyote vya Spesiosa tangu akiwa na miaka kumi na minne.

"Acha, acha," Spesiosa alisema kwa upole, akakichukua mkononi mwake. "Wewe ni mgeni. Kaa."

Veneranda akakaa.